Maji ya Saa 8 Usiku

Mama yangu alikuwa na kalenda ya ukutani aliyopewa na duka la vifaa vya ujenzi, na katika kila tarehe alichora alama kwa penseli. Duara: maji yametoka. Duara lenye mkia: yametoka kwa kukohoa, madumu mawili matatu, kisha kimya. Tarehe isiyo na alama haikuhitaji maelezo. Tuliishi mji mmoja wa mkoani, nyumba ya kupanga, koki moja uani kwa wapangaji sita, na maji yalikuja usiku wa manane, mara nyingi kwenye saa 8. Mama aliiacha koki wazi makusudi na kuweka sufuria tupu chini yake, ili matone ya kwanza yamwamshe. Mlio wa sufuria ile ndio uliokuwa ukitugawia usiku.

Baada ya miezi minane au tisa, kalenda ilianza kumweleza mambo ambayo hakuna gari la matangazo lililowahi kuyapitisha mtaani. Umeme ukikatika jioni, usiku huo usijisumbue kuamka. Mvua kubwa ikipiga milimani, hesabu siku mbili kavu, kwa sababu mto umejaa tope na mtambo umefungwa. Yakikosekana Jumatatu na Jumanne, Jumatano yatakuja kwa nguvu, na ndiyo siku ya kufua mashuka. Majirani walikuwa wanakuja kumwuliza, "Mama, leo yatatoka?" naye anatazama ukutani kabla ya kujibu. Mara nyingi alipatia.

Wahandisi wa maji wanakiita kitu cha namna hiyo modeli. Unakusanya yaliyotokea, unatafuta kanuni iliyo ndani yake, kisha unaiuliza kanuni hiyo juu ya jambo ambalo bado halijatokea. Ya kwao iko ndani ya kompyuta na ina maelfu ya mabomba. Ya mama ilikuwa na koki moja. Swali ni lilelile.

Nimeirudia kalenda hiyo kichwani kila ninapofikiria mwaka 2022. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule Mto Ruvu ulipungua mno, na mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Amos Makalla, akatangaza kwamba uzalishaji wa maji umeshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300. Mgao ukaanza. Hiyo 466 ni jumla ya mitambo miwili: Ruvu Chini, uliojengwa 1976, wenye lita milioni 270, na Ruvu Juu, uliojengwa 1959, ambao baada ya kupanuliwa hutoa lita milioni 196. Yote miwili hunywa kutoka mto mmoja unaoteremka milima ya Uluguru. Sensa ya Agosti mwaka huohuo ilikuwa imehesabu watu 5,383,728 jijini.

Hatua zilizofuata zilikuwa za ujenzi mkubwa, na sina ugomvi nazo. Novemba visima vya Kigamboni vikaingizwa kwenye mtandao. Mwezi huohuo ukasainiwa mkataba wa Bwawa la Kidunda, mradi uliokuwa ukitajwa kwa miongo kadhaa, litakaloweza kuhifadhi lita bilioni 190. Ukizigawa kwa uzalishaji wa mitambo ile miwili unapata zaidi ya siku 400, kabla ya kutoa mvuke unaopaa na sehemu ambayo lazima iachiwe mto wenyewe. Ni akiba kubwa. Nitafurahi kama kila mtu siku litakapojaa.

Lakini kuna hesabu nyingine, ya shule ya msingi, ambayo sikuisikia ikifanywa hadharani mwaka ule. Pengo la ukame lilikuwa 466 kutoa 300, yaani lita milioni 166 kwa siku. Kwa miaka mingi taarifa za EWURA, mdhibiti wa huduma za maji nchini, zimeonyesha Dar es Salaam ikipoteza zaidi ya theluthi moja ya maji inayoyazalisha, maana yake maji yaliyosafishwa, yaliyosukumwa kwa umeme, ambayo hayakufika kwenye bili ya mtu yeyote. Theluthi ya 466 ni 155. Ziweke namba hizo mbili pamoja: 166 iliyochukuliwa na ukame, 155 inayotutoka kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Nikiishia hapo nitakuwa sijamtendea haki msomaji. Maji yasiyolipiwa si yote yanayozama ardhini. Mengine yamechukuliwa na aliyejiunganishia bomba gizani, mengine yanapita kwenye dira iliyochoka kuzunguka. Hayo yanamfikia mtu. Ukiyadhibiti unapata fedha, na pengine matumizi yakapungua kidogo, lakini hupati mto mpya. Tuchukue basi kwamba nusu tu ya upotevu ni mivujo halisi. Bado ni lita milioni 77 kwa siku, madumu zaidi ya milioni 3 na nusu ya lita 20, kila siku ya Mungu. Kiasi hicho hakihitaji bwawa. Tayari kimeshatibiwa, kimeshapita Mlandizi na Bagamoyo, kiko chini ya lami tunayoikanyaga.

Kiko wapi hasa? Hapo ndipo ninapotaka kuisemea kompyuta.

Kwetu neno "kuokoa maji" limebaki na sura moja: bango lenye koki inayodondoka na maneno ya kumsihi mwananchi aifunge. Mwaka 2018 Cape Town, ikiwa katika ukame mbaya kuliko wote katika kumbukumbu zake, iliwawekea wakazi kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku. Dunia nzima iliandika habari za watu wanaooga kwa dakika mbili na kukusanya maji ya kuogea ili wamwage chooni. Lita 50 ni madumu mawili na nusu. Sasa chukua familia ya watu sita wa Mbagala au Manzese inayonunua madumu kumi kwa siku: ni lita 33 kwa kila mmoja, kwa kupika, kunywa, kuoga, kufua na choo. Familia hiyo inaishi chini ya kiwango ambacho Cape Town ilikiita cha dharura, na inaishi hivyo mwaka mzima bila kupigwa picha. Kumwambia mama wa nyumba hiyo aokoe maji ni kumtaka mwenye njaa apunguze chakula. Maji ya kuokoa yako mahali pengine kabisa, na mahali hapo hapaonekani kwa macho.

Modeli ya mtandao wa maji ni ramani inayojua hesabu. Kila bomba linaingizwa na urefu wake, kipenyo chake, na ukwaruzo wa ndani unaoongezeka kadiri chuma kinavyozeeka. Kila makutano ya mabomba yanaingizwa na kimo chake kutoka usawa wa bahari na kiasi cha maji kinachochotwa pale saa baada ya saa. Yanafuata matenki, pampu na valvu. Kisha kompyuta inasimamia sheria mbili ambazo fundi yeyote anazijua: maji yanayoingia kwenye makutano lazima yatoke, na maji yakisafiri yanachoka. Mwaka 1936 Hardy Cross, mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha njia ya kufanya hesabu hiyo kwa mkono, ukikisia, ukisahihisha, ukirudia mpaka namba zitulie. Kwa mabomba machache ni kazi ya kushinda mezani kutwa. Leo ni kazi ya sekunde chache kwa mji mzima, na programu mashuhuri kuliko zote za kazi hiyo, EPANET, iliyotolewa mara ya kwanza 1993 na wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani, ni ya bure. Mwanafunzi wa Chuo cha Maji pale Ubungo anaweza kuipakua leo jioni.

Uzuri wake mkubwa kwa miji yetu ni kwamba inaweza kuonyesha ugonjwa mmoja pale ambapo sisi tumezoea kuona magonjwa mawili. Kila mita 10 za mteremko huongeza presha kwa kiasi cha bar 1. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tenki, saa ambazo watu hawachoti, inabeba karibu bar 6; mabomba ya plastiki ya bei nafuu yaliyofukiwa futi moja chini ya njia ya bajaji hayakuumbwa kwa mzigo huo. Yanapasuka. Nyumba iliyo juu ya kilima, upande wa pili wa tenki hilohilo, haipati hata tone mchana. Malalamiko ya bondeni yanaandikwa "bomba limepasuka" na yanakwenda kwa kikosi cha ukarabati. Malalamiko ya mlimani yanaandikwa "hakuna maji" na yanakwenda kwa watu wa mgao. Watu wa Goba na Makongo wanajua habari ya mlimani. Bondeni wanajua dimbwi lisilokauka hata Januari. Ni presha ileile, imezidi huku na kupungua kule. Modeli inayaweka malalamiko yote mawili kwenye karatasi moja na kuonyesha valvu ipi ikirekebishwa yanapungua kwa pamoja.

Na hapa kuna jambo la kimaumbile ambalo lingepaswa kufundishwa hadi mashuleni. Tundu la duara kwenye bomba la chuma halibadiliki ukubwa: ukishusha presha kwa nusu, maji yanayovuja yanapungua kwa karibu asilimia 30. Ufa mrefu kwenye bomba la plastiki una tabia nyingine. Presha ikipanda unapanuka kama mdomo, ikishuka unafumba. Ukiipunguza presha kwa nusu, uvujaji katika nyufa za namna hiyo unaweza kupungua kwa asilimia 60 na zaidi, bila kuchimba hata hatua moja, bila kujua hata ufa wenyewe uko wapi. Khayelitsha, kitongoji kikubwa cha watu wa kipato cha chini huko Cape Town, kilifungiwa mitambo ya kupunguza presha mwaka 2001, miaka mingi kabla ya ukame ule mkubwa. Maji yaliyookolewa yalikadiriwa kufikia mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka. Kazi kubwa ilikuwa kujua ni wapi pa kufunga na kwa kiasi gani, ili nyumba za juu zisikauke. Hilo ndilo swali la modeli.

Sasa nifike kwenye saa 8 usiku.

Vitabu vya uhandisi vinafundisha njia nzuri ya kupima mivujo. Unalitenga eneo moja la mtandao, unafunga dira kwenye bomba linaloliingizia maji, kisha unasoma kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Wakati huo watu wamelala. Hakuna anayeoga, hakuna anayepika. Maji yanayoendelea kuingia kwenye eneo saa hizo kwa sehemu kubwa yanavuja. Ukiyazidisha kwa saa za siku, ukarekebisha kwa ajili ya presha ya mchana, unapata ukubwa wa tatizo. Namba hiyo unaiingiza kwenye modeli na modeli inaanza kusema kweli.

Njia hiyo imeokoa maji mengi katika miji ambako watu wamelala saa 8 usiku. Kwetu saa 8 usiku ndipo mama alipokuwa ameshika tochi mdomoni na ndoo mikononi. Ndipo simtanki zote za mtaa zinapojazwa. Ndipo yule mwenye pampu ndogo aliyoifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa anapoiwasha kimyakimya, akiyavuta maji ya jirani na, mahali palipo na ufa, akivuta pia maji machafu ya mtaroni. Mhandisi anayesoma dira usiku huo bila kujua haya ataandika kwamba eneo zima linavuja, kumbe linachota. Ataagiza kuchimba mahali pazima. Au atafanya kinyume: atasema haya yote ni matumizi ya watu, na mivujo itabaki imejificha nyuma ya ndoo zetu.

Ugumu hauishii hapo. Hesabu ambazo programu za namna hii zilijengewa zinadhani mabomba yamejaa muda wote na kila mtu anapata anachohitaji. EPANET ilipata uwezo wa kukubali kwamba presha ikiwa ndogo mtu hupata pungufu mwaka 2020 tu, katika toleo lake la 2.2. Na bado haikuundwa kwa ajili ya bomba linalokaa tupu siku tatu, likajaa hewa, kisha likapokea maji kwa kishindo, jambo ambalo ni maisha ya kawaida ya mitandao yetu na ni sababu mojawapo ya mipasuko yake. Anayeileta programu kutoka nje na kuipachika kwenye mji wa mgao bila kuifundisha mgao atapata michoro ya rangi nzuri kwenye skrini, na maji yataendelea kupotea.

Naandika haya nikiwa upande wa modeli. Ninayoipinga ni ile inayolishwa makadirio ya ofisini.

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi katika mji ule wa mkoani nikamtembelea mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, aliyekuwa ameutumikia mtandao wa mji tangu ujana wake. Alinikaribisha kwenye mkeka chini ya mwembe. Nilikuwa nimechukua ramani iliyochapishwa, nikidhani nitamfurahisha.

"Hii nani kaichora?" akauliza.

Nikamwambia ni ya kitaalamu, mzee, imetolewa kwenye kompyuta.

Akaitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole. "Hapa pana valvu. Wao wameandika iko wazi. Mwanangu, ile inafungwa kinyume. Zote za mji huu ukizungusha kulia unafunga. Ile peke yake ukizungusha kulia unafungua. Vijana wakija wanajua wameifungua, kumbe wameibana."

"Imeandikwa mahali popote?"

"Iandikwe na nani? Niliifunga mimi."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote nilichosoma kuhusu maji. Mhandisi akijenga modeli ya mji ule, itamwambia kuwa mtaa wa chini ya valvu ile unapaswa kuwa na presha nzuri. Akipima, hakuna. Namba za modeli na namba za mtaani zinakataana. Atafanya nini? Kama ana muda na unyenyekevu, atakwenda kuuliza kwa nini. Kama anadaiwa ripoti Ijumaa, ataongeza ukwaruzo wa bomba kwenye kompyuta hadi modeli itoe presha ndogo ileile inayoonekana mtaani. Namba zitakubaliana, ripoti itapita, na mwaka ujao mji utakopa fedha kubadilisha bomba zima ambalo halina kosa. Valvu moja iliyogeuzwa inaweza kugharimu mamilioni kwa njia hiyo. Ujuzi wa kuepusha hasara hiyo umekaa chini ya mwembe, una miaka sabini na kitu, na hakuna aliyemtuma mtu na daftari kuufuata.

Upande mwingine wa modeli ni ule wa mto, na hapo ndipo 2022 inaniuma zaidi. Mwishoni mwa Agosti mwaka ule, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha kanda yetu, ICPAC, kilitangaza kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki inaelekea kwenye msimu wa Oktoba hadi Desemba wenye mvua pungufu. Mgao wa Dar ulitangazwa mwishoni mwa Oktoba. Katikati pana miezi miwili. Modeli inayounganisha utabiri wa mvua, mtiririko wa Ruvu na mtandao wa jiji ingeweza kutumia miezi hiyo kuuliza maswali yaliyo wazi. Tukishusha presha ya usiku kuanzia Septemba katika maeneo ya mabondeni, tunaokoa kiasi gani kabla mto haujafika chini? Tukianza mgao mwepesi mapema, tunaepuka siku ngapi za mgao mkali? Hospitali zipi na shule zipi zikae kwenye mstari usiokatwa? Vilula vipi vipewe kipaumbele, kwa kuwa kila kilula kikikauka mamia ya watu wanamgeukia mwenye boza?

Cape Town walikuwa na modeli za mabwawa yao kwa miaka mingi, zilizotumiwa kila mwaka baada ya mvua zao za kipupwe kuamua wapunguze matumizi au waachie. Hazikuwaepusha na balaa. Ukame wa 2015 hadi 2017 ulikuwa wa nadra kuliko hesabu zilivyouzoea, na vikwazo vya mwanzo vilikuwa laini. Hilo lazima lisemwe wazi na kila anayeisifu kompyuta, mimi nikiwemo. Modeli hujua yaliyowahi kutokea. Lakini walipobanwa, walifanya jambo moja ambalo naliona kubwa: waliitoa hesabu ofisini. Waliigeuza kuwa tarehe. Siku ambayo mabwawa yatafika asilimia 13.5, koki za majumbani zitafungwa na kila mtu atapanga foleni ya lita 25. Tarehe iliyotangazwa ilikuwa ya Aprili, na kadiri watu walivyopunguza matumizi ikasogezwa mbele, Mei, Juni, Julai, hadi ikafutwa. Wakati huo mji ulikuwa umeshuka kutoka takriban lita milioni 1,200 kwa siku mapema 2015 hadi karibu 500. Kila mtu aliona juhudi zake zikisukuma siku mbele. Mtu hawezi kuwajibika kwa asilimia ya upotevu katika jedwali la ukurasa wa 84, ila tarehe anaielewa.

Wakati huohuo makazi duni ya mji ule, yenye mamia ya maelfu ya watu, yalikuwa yanatumia chini ya asilimia 5 ya maji yake. Hilo nalo lilionekana kwa kuwa namba zilikuwa mezani, na halikuwa la kupendeza.

Hapa kwetu mgao hutangazwa kwa ratiba: mtaa huu Jumanne na Ijumaa, ule Jumatano na Jumamosi. Ratiba hiyo imetokana na hesabu gani? Kwa nini mtaa wenye nyumba za uzio na simtanki za lita 5,000 upate saa zilezile na mtaa ambao akiba yake ni madumu mawili uvunguni? Saa sita za maji kwa mwenye tenki kubwa ni wiki nzima ya maji. Saa hizohizo kwa mwenye madumu mawili ni siku moja. Ratiba inaonekana ya haki kwenye karatasi, na modeli yoyote yenye uwezo wa kuhesabu matenki ya watu ingeivua nguo kwa dakika moja. Ndiyo maana nadhani modeli ya maji ya mji inapaswa kuhesabiwa kuwa mali ya umma kama lilivyo bomba lenyewe. Wenye mamlaka waitumie, lakini nasi tuweze kuiuliza.

Atakayesema wananchi hawawezi kushiriki katika mambo ya kitaalamu hivi aende akaone Ramani Huria. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa kata zenyewe walizunguka jijini, wakiwa na simu na vifaa vya GPS, wakachora mitaro, kalavati, njia na nyumba za maeneo yanayofurika, na kuziweka kwenye ramani ya wazi ambayo yeyote anaweza kuifungua. Wazee wa mitaa ndio waliosema maji yalifika ukuta gani mwaka gani. Programu za kukadiria athari za mafuriko zikalishwa ramani hizo. Walifanya hivyo kwa maji yanayotuzidi. Watu walewale, kwa viatu vilevile, wanaweza kufanya hivyo kwa maji yanayotupungukia: maji hutoka saa ngapi, yana nguvu ya kufika ghorofa ya ngapi, dimbwi gani halikauki kiangazi, valvu ipi inafungwa kinyume.

Ningeanza na eneo moja tu, dogo, lenye kilima na bonde, nyumba elfu mbili hivi, kabla ya vuli. Lipewe maji mfululizo kwa siku saba, liwe limetengwa kwa dira yake. Geji za presha zifungwe kwenye koki kumi za nje, nyingine juu, nyingine chini. Fundi mstaafu mmoja alipwe posho ya wiki nzima na atembee na mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato, waguse kila valvu. Siku mbili za kwanza watu watajaza kila chombo walichonacho, na dira itazunguka kama feni. Siku ya tatu simtanki zitakuwa zimejaa. Ya nne madumu pia, na watu watakuwa wameanza kuamini. Usiku wa tano, saa 8, kina mama wa mtaa ule wakiwa wamelala, dira isomwe. Namba itakayopatikana iandikwe kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya saa 2 asubuhi.